Kondo Alivyokuwa Akiamka

Mji ule haukuwa na jina, kwa sababu kila aliyejaribu kuuita aliitwa yeye kwanza. Ulikuwa na Jumba, na mbele ya Jumba Ukuta Mweupe, na mbele ya Ukuta foleni. Foleni ya nini, hata waliozaliwa ndani yake hawakujua. Watu walisimama na mizigo migongoni, jua likasimama juu yao, na halikusogea mpaka Jumba liligeuze kama mtu anavyogeuza karatasi. Zilikuwepo siku ambazo asubuhi moja ilirudiwa mpaka ikachujuka rangi. Walikuwepo watu waliozeeka kabla ya chai na kurudi utotoni wakati wa kuanua nguo. Hakuna aliyelalamika, maana Ukutani alikuwepo Punda.

Punda Kicheko, ndivyo walivyomwita. Alitembea Ukutani, gunia mgongoni. Akiongezewa gunia, anacheka. Akiongezewa tena, anacheka zaidi, meno yote nje, masikio yanapigana makofi. Foleni nzima ilicheka naye na kujitwisha upya. Hapo ndipo Jumba lilipogundua jambo ambalo vitabu vyake vyote vya utawala havikuwa nalo: mtu anayecheka hawezi kuuliza swali wakati huohuo, kwa sababu pumzi ni moja.

Aliyemchora Punda, karatasi kwa karatasi, ujana wake wote na uzee wake wote, alikuwa Mwinyikondo, mji mzima ukimwita Kondo. Sasa Kondo alikuwa amekufa, na mkewe Sikudhani alikuwa na hasira.

Huzuni alikuwa nayo pia, lakini aliifunika na kuisogeza nyuma ya jiko kama chungu ambacho zamu yake haijafika. Kilichokuwa kinachemka mbele ni hasira. Alikuwa amelea, amefua, amepika, amembeba mtoto kwenda kudungwa sindano na mvua inanyesha, amepanda juu ya paa kuziba bati kwa mkono wake, mumewe akiwa Jumbani anamfundisha punda kucheka. Na leo Jumba limemtuma mjumbe: njoo, mama, tumkumbuke mwenzetu.

"Mwenzenu," alimjibu mjumbe akifunga kanga kiunoni. "Angalau leo tumekubaliana alikuwa wa nani."

Mafundi wa picha wa mji ule wana desturi yao ya msiba. Fundi akifa, kabla ya kumzika wanamwamsha. Kila aliyekula naye, awe anajua kuchora au hajui, analeta karatasi moja yenye picha ya marehemu kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi zinapangwa, ya kazini kisha ya nyumbani, zinabanwa pembeni, kisha mkubwa wa mafundi anaziachia chini ya kidole gumba, moja baada ya nyingine, upesi. Marehemu anainuka kutoka kwenye wino, anatembea mbele ya macho ya wafiwa, anamaliza. Mara moja tu. Baada ya hapo bunda linazikwa naye. Na karatasi ya mwisho ni ya mjane. Isipokuwepo hiyo, hata uziachie mchana kutwa, picha zinabaki wino. Mafundi hawajui kwa nini. Sikudhani alidhani anajua: kitu hakiondoki mpaka kijue kinakoishia.

Aliingia Jumbani na binti yake Zamda, mtu mzima mwenye watoto wake. Korido ya Jumba ilikuwa ndefu na ilikuwa na tabia mbaya: ukipita haraka ilikurudisha nyuma. Katikati yake walipishana na msichana aliyebeba bakuli lililofunikwa kawa, hina mbichi vidoleni. Sikudhani alimtambua kwa ile hatua yake ya kukimbiza kitu. Alikuwa yeye mwenyewe, juma lile alipoolewa.

"Shikamoo, mama," msichana alisema. "Naambiwa Kondo yuko chumba cha mwisho. Sijui kama amekula."

"Marahaba. Hajala, na hatakula. Kirudishe nyumbani ukile wewe kingali moto."

"Lakini amesema anamalizia mguu mmoja tu."

"Wa punda?"

"Ndiyo."

"Punda ana miguu minne, mwanangu, na akimaliza ya leo kuna ya kesho. Rudi."

Msichana alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, akaendelea na safari yake. Bakuli lilikuwa linatoa mvuke.

"Mama, unaongea na nani?" Zamda aliuliza.

"Na mtu asiyesikia."

*

Katika chumba cha mwisho palikuwa na meza ya kioo yenye taa chini yake, ile ambayo mafundi huwekea karatasi ili waone ya chini kupitia ya juu. Wenzake Kondo walikuwa wamesimama upande mmoja. Lukindo, fundi wa kupaka rangi, ambaye vidole vyake havikutakata hata siku ya harusi yake. Bi Tunu, ambaye kazi yake Jumbani ilikuwa kuchora magunia. Punda hakuwahi kubeba gunia ambalo Bi Tunu hakulijaza. Na mbele yao alisimama Bwana Kaimu, mkuu wa Jumba, ambaye alikuwa kaimu tangu kabla msingi haujachimbwa, na hakuna aliyewahi kumwona huyo anayemkaimia.

"Poleni sana, bibi. Pigo hili ni letu sote."

"Tumeshapoa. Bunda liko wapi, nimalize nikazike?"

Kaimu alitabasamu tabasamu la mtu anayefungua zawadi ya mwenzake. "Kuhusu kuzika. Jumba limetafakari. Fundi kama Kondo hazikwi na picha zake kama fundi wa kawaida. Tumeamua bunda liende Ukutani. Marehemu atasimama pale alipokuwa Punda, awasalimie wananchi kila asubuhi, akicheka. Leo, kesho, daima. Foleni iko tayari hapo nje, taa imeelekezwa Ukutani. Kinachosubiriwa ni mkono wako."

Sikudhani aligeukia wenzake Kondo. Lukindo alikohoa.

"Shemeji, ni kitu kidogo. Ili picha isikatike, karatasi ya mwisho lazima iingie kwenye ya kwanza, kama mkia unaoingia mdomoni. Ya kwanza ni hii hapa: amesimama, mkono juu, anacheka. Wewe uirudie hivyohivyo. Gurudumu linafunga, basi, anaendelea."

"Na atapumzika lini?"

Lukindo aliiweka karatasi ile mezani.

"Picha haichoki, bibi," alisema Kaimu.

"Hata yeye mlisema hachoki."

"Sisi hatukumlazimisha. Alipenda kazi yake."

"Hata mlevi anapenda pombe yake. Aliyeuza anajulikana. Na nisipochora?"

Kaimu alizitazama kucha zake. Alisema kwa upole kwamba mwili wa marehemu ulikuwa umehifadhiwa vizuri, mahali pa baridi, chini ya Jumba, na kwamba ungetoka karatasi ya mwisho ikishawekwa na picha ikishatembea. Kabla ya hapo, kwa masikitiko makubwa, hapana.

Zamda alishika mkono wa mama yake. Sikudhani aliutoa taratibu, kama anavyoutoa mkono wa mtoto kwenye moto.

"Yaseme tena mbele ya hawa wote. Nikiweka karatasi yangu, picha ikatembea, nampata mume wangu?"

"Neno la Jumba," alisema Kaimu.

"Mmesikia, Lukindo? Umesikia, Bi Tunu? Haya. Leteni bunda. Sichori kitu nisichokijua kimetoka wapi."

Alizifunua karatasi moja moja juu ya mwanga. Za mafundi zilikuwa juu. Kondo anacheka. Kondo anacheka na kichwa nyuma. Kondo anacheka, penseli mkononi. Zilikuwa picha nzuri. Hawa ni watu wanaojua kazi. Lakini jinsi alivyozidi kufunua ndivyo uso wake ulivyozidi kukaza, mpaka akapiga meza kwa kiganja na taa ikaruka.

"Huyu ni nani?"

"Kondo, dada," alisema Bi Tunu.

"Kondo aliandika kwa mkono wa kushoto lini? Kila karatasi, penseli mkono wa kushoto! Kovu lake la kukatwa na bati mmelihamisha shavu la pili. Saa nayo imehama mkono. Watu wazima mmekaa na mtu maisha mazima hamjui anashikia wapi penseli?"

Lukindo alichukua karatasi yake, akaitazama. Akachukua ya Bi Tunu. Akachukua nyingine na nyingine. Walikuwa wamechora kila mmoja nyumbani kwake, hakuna aliyemwiga mwenzake, na wote walikuwa wamekosea sawasawa. Bi Tunu ndiye aliyekaa chini kwanza, mkono mdomoni.

"Kioo," alisema.

Mezani kwa kila fundi palikuwa na kioo kidogo. Ndivyo kazi ile inavyofanywa: ukitaka mnyama wako akasirike, unakasirika kwanza wewe kiooni, unatazama nyusi zinavyokwenda, kisha unamchorea. Meza ya Kondo ilikuwa ya mbele kabisa, imeelekea ukuta. Wenzake walikaa nyuma yake. Uso wake walikuwa wakiuona pale tu, ndani ya kioo, kushoto kukiwa kulia.

"Hatukuwahi kumwangalia, dada," alisema Bi Tunu. "Tulikuwa tunaangalia kioo chake."

"Na hicho kicheko?"

Lukindo alizirudisha karatasi mezani.

"Nauliza, hicho kicheko mlichompa ni cha nani? Kwa sababu mimi nimelala na yule bwana tangu nina hina vidoleni, na meno hayo sikuwahi kuonyeshwa."

"Alikuwa... alikuwa akifanya uso wa Punda," Lukindo alisema. "Ili auchore."

"Basi mmemchora punda! Mmekaa, mmenoa penseli zenu, mmelia machozi yenu, mmekumbuka punda! Punda aliyegeuzwa upande! Mnataka kumtundika pale nje daima na hata si yeye!"

"Kwa Ukuta," alisema Kaimu, "tofauti si kubwa."

Sikudhani aliendelea kufunua. Alishafika kwenye karatasi za nyumbani, zile za ndugu na jirani, na ya juu kabisa ilikuwa ya Zamda. Zamda hakujua kuchora. Alikuwa amechora mgongo: mabega mawili yaliyoinama juu ya meza, kisogo, sikio moja. Zilizofuata chini zilikuwa hivyohivyo. Nyumba nzima ilikuwa imeleta migongo.

"Ndio nilioujua," Zamda alisema, na sauti yake nayo ilikuwa na makali. "Usinitazame hivyo, Mama. Alikuwa akija na kazi nyumbani. Nikimwita anasema 'nakuja', na hageuki. Hapo nimechora 'nakuja' yake."

*

Sasa mtu yuko wapi?

Sikudhani hakusoma falsafa. Alisoma upishi na malezi, akapewa stashahada yake, ikaliwa na mchwa. Lakini swali likiingia ndani ya nyumba utalikaribisha ukipenda usipende, nalo lilikuwa limeshakaa. Mbele ana uso ambao si wake. Nyuma ana mgongo ambao hauna neno. Jumba lilikuwa na kioo, nyumba ilikuwa na kisogo, na kati ya kioo na kisogo alitakiwa awepo mwanamume mmoja mwenye kovu shavuni, anayekohoa, anayependa ukoko wa wali. Amepita wapi huyo? Ukiziachia karatasi hizi utaona kicheko, mgongo, kicheko, mgongo, mtu bapa asiye na ubavu, mlango unaojifungua na kujifunga bila chumba nyuma yake. Watu wanasema picha inatembea. Uongo. Picha imekaa palepale ilipochorwa, imekufa kama jiwe. Kinachotembea ni jicho la anayetazama. Jicho ndilo linaloziba pengo kati ya karatasi na karatasi, bure, bila kuombwa. Na Jumba linaishi katika pengo hilo. Halihitaji kukuburuta. Linakuonyesha gunia, kisha linakuonyesha kicheko, na katikati, pale pasipochorwa kitu, wewe mwenyewe unajisukuma.

Nawe, Kondo. Ulijua. Usiniambie hukujua.

Uliyachezesha masikio ya punda mpaka yakawa na roho. Mwanao alikuwa na masikio. Uliyaona?

Nilikwambia njoo ule. Nakuja. Nilikwambia mtoto anatembea, ameanza kutembea, njoo uone. Nakuja. Mtu anayetembeza wino usiku na mchana, na hatua ya kwanza ya mtoto wake amesimuliwa.

Ulikuwa unaogopa nini ukigeuka? Kwamba huna uso ulioandaliwa?

Siwezi kukuachia. Siwezi kukusamehe leo, labda Alhamisi. Lakini hawa hawakuchukui. Nina ugomvi na wewe mimi, na ugomvi wangu nataka niuzike mahali ninapopajua, niwe nauendea.

Hayo hakuyasema kwa sauti. Alivuta kiti, akaomba penseli. Lukindo alimpa yake mwenyewe.

"Ya kwanza hii hapa, bibi, uifuatishe," alisema Kaimu akimsogezea karatasi ya mkono juu.

"Nimeiona."

Alichora polepole, ulimi umebanwa kwenye pembe ya mdomo, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Mstari wake ulikuwa mnene na wa kutetemeka. Zamda alichungulia begani. Mama yake alikuwa akichora kitu ambacho hakikuwepo katika bunda lote: ubavu. Mwanamume amelala kwa upande, magoti yamekunjwa, kiganja chini ya shavu, shavu lenye kovu. Mdomo uko wazi kidogo, na hakuna anachofanya. Uso ule haukuajiriwa na mtu yeyote. Ulikuwa uso wa saa ambazo hazikuwa za Jumba wala za meza, na aliyekuwa macho saa hizo, mtoto akinyonya, ukuta ukivuja, alikuwa mtu mmoja tu.

Aliiweka chini ya bunda kabla Kaimu hajaitazama sawasawa.

"Tayari. Achia."

Lukindo alizipanga karatasi kwa desturi, ya mjane akiiacha chini ilivyo, akazibana, akaweka kidole gumba. Nje, foleni iliinua nyuso zake kwenye Ukuta.

Kondo aliinuka. Alisimama mrefu kuliko milango ya Jumba, mkono juu, akicheka kicheko cha Punda, na foleni ikaanza kucheka kabla haijaambiwa. Akageuka: mgongo. Akageuka: kicheko. Mgongo, kicheko, mgongo, upesi, mpaka baadhi ya watu wakafumba macho. Kisha, ghafla, alishuka. Alilala kwa ubavu chini kabisa ya Ukuta, usawa wa miguu ya watu, akaweka kiganja chini ya shavu.

Karatasi zilikuwa zimekwisha. Kondo hakurudi kwenye wino. Alibaki pale, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka.

Kicheko cha foleni kilipungua kama maji yanayokauka kwenye sufuria. Mwanamke mmoja wa mbele aliutazama uso ule mkubwa uliolala, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akafungua kamba kifuani na kuuteremsha mzigo wake, taratibu, ili usimwamshe. Wa nyuma yake naye akateremsha wake. Mtu fulani alipiga miayo, na miayo ikaenda nyuma kwenye foleni kama habari. Mmoja akauliza kwa kunong'ona, "Hivi tumebeba nini?"

"Mwamsheni!" Kaimu alipiga kelele. "Gurudumu halijafunga! Lukindo, chora anavyoamka! Kutoka hapo alipolala mpaka pale mkono juu, karatasi za katikati, upesi, ni kazi yenu hiyo!"

Mafundi walikimbilia meza zao. Penseli zilikwaruza, zikasimama. Lukindo alichora mtu anayejinyoosha mikono, akamtazama, akamkunja akamtupa. Alikuwa amejichora mwenyewe. Bi Tunu alitazama kioo chake, akafanya uso wa mtu anayeamka, akaona mwanamke mzee anayejifanya. Aliinuka kwa mguu upi? Alikaa kwanza kitandani au alisimama moja kwa moja? Alipangusa macho? Alisema neno? Kila asubuhi ya maisha yao walimkuta ameshafika, mezani, mgongo kwao.

"Hatujui, Bwana Kaimu," alisema Lukindo. Aliweka penseli chini, na sauti yake haikuwa ya kuomba radhi. "Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona akiamka."

Kaimu alimgeukia Sikudhani. Jasho lilikuwa linamchuruzika kwenye kola.

"Bibi. Alikuwa anaamkaje?"

"Mimi hilo ninalijua."

"Basi sema!"

"Nimeambiwa nilete karatasi moja, nimeleta moja. Picha imetembea. Neno la Jumba limesemwa mbele ya watu. Nipe mume wangu."

Nje, sauti ya mizigo iliyokuwa inawekwa chini ilisikika kama mvua ya kwanza kwenye paa. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Kaimu kuliko yote: kelele angezijua. Alilitazama bunda mezani kama mtu aliyekuta nyoka kwenye kapu la mkate.

"Liondoe," alisema. "Liondoe hapa, na maiti wako, na nyinyi wote. Zima taa hiyo!"

"Asante kwa kumkumbuka," alisema Sikudhani. Akalifunga bunda kwenye kanga yake, mafundo mawili, akaligonga kuona kama limekaza.

Walimbeba Kondo kupita katikati ya foleni. Lukindo na Bi Tunu walishika upande wa mbele, hakuna aliyewaambia. Ukuta ulikuwa mweupe mtupu, lakini watu hawakuinuka. Walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, na wachache walikuwa wameyafungua na kuingiza mikono ndani kutafuta kilichomo. Jua, lisilogeuzwa na mtu, lilikuwa limeanza kusogea lenyewe.

Sikudhani bado alikuwa na hasira. Alitembea nayo kama alivyotembea na kila kitu, haraka, akiangalia wanapokanyaga wabebaji. Zamda alimfikia, akatembea naye hatua kwa hatua, kisha akashindwa kujizuia.

"Mama. Alikuwa anaamkaje?"

Mama yake alitazama nyuma. Kati ya wale waliokuwa juu ya magunia, alikuwepo mmoja ambaye alikuwa ameshatoa karatasi na penseli, sikio amelitega upande wao.

"Nitakuambia nyumbani," alisema. "Lakini usimchore."